Nyoka wako kaugua ghafla: cha kufanya kuanzia usiku ule mpaka anapona

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi, saa tano usiku, kainama mbele ya tenki, lile boksi la kioo anamoishi nyoka, na simu mkononi, anamwangalia nyoka wake anahema mdomo wazi na hajui aanzie wapi. Mimi nilikuwa hapo hapo, januari, nje theluji, na nyumba nzima imelala.

Wangu ni chatu wa Afrika Magharibi, kitaalam Python regius, yule mfupi mnene anayejikunja kama mpira akiogopa. Wengi wanaouzwa duniani asili yao ni Ghana, Togo na Benin, ila porini wanafika mpaka kaskazini magharibi mwa Uganda. Ni jike, anaitwa Zuhura, na usiku ule alikuwa na gramu 1,650. Naishi Leicester, huku Uingereza chatu wa aina hii hahitaji kibali. Kama uko Kenya, nyoka ni mnyamapori na bila kibali cha KWS, yaani shirika la wanyamapori la serikali, huruhusiwi kumweka nyumbani, Tanzania nako ni lazima kibali, kwa hiyo hilo limalize kabla hujamleta ndani. Mengi nitakayosema yanafaa kwa nyoka wengi wa kufugwa ila namba za joto ni za huyu chatu, wako kama ni aina nyingine tafuta namba zake.

Kitu cha kushika kichwani kwanza: nyoka huwa haugui ghafla, wewe ndo umeona ghafla. Porini akionyesha udhaifu analiwa, kwa hiyo anaficha mpaka nguvu ya kuficha iishe. Ukiona dalili leo jua ugonjwa una siku kadhaa au hata wiki, na ndo maana ile "ngoja tuone kesho" inaua nyoka wengi.

HATUA YA 1: Mwangalie, usimshike, mrekodi

Kabla hujamnyanyua chukua video ya dakika mbili. Usipuuze hili. Nyoka akifika kwa daktari, mahali pageni, harufu za mbwa, mara nyingi anatulia kabisa na ile dalili iliyokutisha haionekani tena, daktari anabaki na maneno yako tu.

Angalia pumzi. Chatu mzima anahema mdomo umefungwa na kifua kinapanda kidogo sana, usipokazia macho hukioni. Mgonjwa wa mapafu anafungua mdomo mara kwa mara, anainua kichwa juu au anakiegemeza kwenye kioo, unasikia mluzi au kitu kama kukwaruza. Zuhura kwenye tundu la pua la kushoto alikuwa na kipovu saizi ya kichwa cha pini, kinavimba akitoa pumzi, kinapasuka, kinaanza tena, na kila kikipasuka kulikuwa na sauti ndogo kama maji yanayotaka kuanza kuchemka. Sauti hiyo ndo iliyoniamsha kutoka kwenye kochi.

Kwa nini anainua kichwa? Nyoka hana kiwambo, ule msuli wa chini ya mapafu, kama sisi, hawezi kukohoa akatoa makamasi, yakishuka kwenye pafu yanakaa huko huko, sasa ananyoosha shingo juu hewa ipate njia. Ukimwona hivo usidhani anatalii.

Alafu kuna vitu vinavyofanana na ugonjwa na si ugonjwa. Kupiga miayo mikubwa mara moja mbili baada ya kula, anarudisha taya mahali pake. Macho kuwa ya bluu yenye ukungu na ngozi kufifia, huyo anakaribia kujivua, na siku hizo anaweza kutoa mluzi kwa sababu ngozi ya zamani imebana puani. Na kukataa chakula, hasa msimu wa baridi: hii aina ya chatu inaweza kukaa miezi bila kula na ikawa salama kabisa ilimradi uzito haushuki. Watu wanahangaika na hilo kuliko lolote wakati siyo dharura.

HATUA YA 2: Pima joto la tenki sasa hivi

Siyo kesho. Sehemu ya moto inatakiwa iwe nyuzi 31 mpaka 33 za selsiasi, sehemu ya baridi 24 mpaka 26, na unyevu wa hewa asilimia 50 mpaka 60, akikaribia kujivua unapandisha kidogo. Tumia kipimajoto cha kidijitali chenye waya au kile cha bastola unachoelekeza, vile vya kubandika kwenye kioo vinasoma joto la kioo na vinadanganya.

Mimi nilipopima sehemu ya moto ilikuwa nyuzi 23. Themostati, kifaa kinachoongoza hita, ilikuwa imekufa, taa yake inawaka kijani kama kawaida lakini hita haipati umeme, na sijui ilikuwa hivyo kwa siku ngapi kwa sababu nilikuwa naangalia taa siangalii namba. Kinga ya mwili wa nyoka inaendeshwa na joto la nje, ukimweka kwenye baridi siku kadhaa vijidudu ambavyo kila siku anavimudu vinamshinda. Kwa hiyo hata dawa nzuri namna gani, bila joto haifanyi kazi.

Ukikuta baridi, pandisha taratibu kwa masaa kadhaa mpaka 31 au 32 upande wa moto, na usiku usiache ishuke. Upande wa baridi uache uwepo, mgonjwa naye anahitaji kuchagua. Usimpulizie drayer ya nywele, usimlaze juu ya chupa ya maji ya moto, na yale mawe ya umeme ya kupasha joto yatoe kabisa, nyoka anaweza kulala juu ya kitu kinachomuunguza tumboni na asiondoke.

Ukikuta joto limezidi, tuseme 38 na kuendelea na nyoka kalegea kama kamba, mtoe umpeleke chumba cha kawaida, mweke kwenye maji ya uvuguvugu yasiyopita nusu ya unene wake, kichwa kiwe juu muda wote, na upige simu. Barafu hapana, maji ya friji hapana.

HATUA YA 3: Amua kama ni usiku huu, siku mbili hizi, au kusubiri

Usiku huu huu, hata kama ni gharama:

- Anahema mdomo wazi muda wote, hafungi.
- Nyama nyekundu imetoka kwenye tundu la nyuma na hairudi ndani. Ifunike na shashi iliyolowekwa kwenye maji safi yenye sukari nyingi, sukari inavuta maji na uvimbe unapungua, isikauke njiani. Usisukume kwa nguvu, na usithubutu kukata kitu.
- Ukimgeuza chali polepole hajirudishi, au kichwa kinapinda kuelekea mgongoni, anajisokota kama skrubu, anatetemeka. Hiyo ni ishu ya mishipa ya fahamu, inaweza kuwa sumu au inaweza kuwa virusi.
- Kaungua, au kang'atwa na panya. Panya mzima aliyeachwa kwenye tenki usiku anaweza kumtafuna nyoka mpaka mfupa uonekane, ndo maana mimi nalisha panya wa kugandishwa tu.
- Anatokwa damu mdomoni.

Ndani ya siku moja mbili: vipovu au makamasi ila mdomo bado anaufunga, fizi nyekundu au zenye uchafu mweupe kama jibini, katapika mara ya pili, utitiri mwingi na kachoka. Hali ya Zuhura ilikuwa hapa, na nakuambia ukweli, ningeichukulia kama ya kusubiri angekufa.

Ya kusubiri huku unaangalia: hajala lakini uzito uko pale pale, kajivua vipande vipande, kinyesi kimechelewa wiki mbili tatu.

Kuhusu kutapika niseme zaidi kwa sababu kunatisha. Nyoka akitapika panya mzima au nusu aliyeoza, harufu yake nyumba nzima inahama. Sababu za kawaida ni tatu, alishikwashikwa kabla ya masaa 48 kupita tangu ale, tenki lilikuwa na baridi, au panya alikuwa mkubwa mno. Toa uchafu, osha tenki, maji safi, joto sahihi, na usimpe chakula siku 10 mpaka 14. Hata akionekana ana njaa. Koo lake limeunguzwa na asidi na tumbo limepoteza vimeng'enya vya kusagia, ukimlisha mapema anatapika tena na ile ya pili inammaliza kuliko ya kwanza. Ukirudi kulisha anza na panya nusu ya saizi ya kawaida.

HATUA YA 4: Usimpe kitu

Hapa ndo watu wa karibu wanaponza. Utaambiwa mpe maziwa, nyoka hanywi maziwa wala hawezi kuyasaga, hiyo ni hadithi tu. Utaambiwa paka ugoro, paka mafuta ya taa yatatoa utitiri. Nikotini ni sumu kwake na mafuta ya taa yanaunguza ngozi. Ile dawa ya mbu ya kupulizia, hata kuipulizia tu chumba alichomo inaweza kumtetemesha, na kama imeshapulizwa mtoe umpeleke kwenye hewa safi, umsuuze kwa maji ya uvuguvugu, kisha upige simu.

Antibayotiki za kwenye kabati lako, ampiklosi na amoksilini, ziache. Mwili wa nyoka unatumia dawa polepole kuliko wetu, dozi ya kukisia inaweza kumdhuru.

Usimlazimishe kula, kusaga chakula kunataka nguvu ambayo sasa hivi hana. Na usimmwagie maji mdomoni. Tundu la pumzi la nyoka liko mbele kabisa, kwenye sakafu ya mdomo, ukimfungua utaliona kama kimirija kinachofunguka na kufunga, maji ukimwaga yanaingia hapo moja kwa moja na wewe tayari una mgonjwa wa mapafu. Weka bakuli la maji safi, akitaka atakunywa.

HATUA YA 5: Piga simu, na ujue cha kusema

Siyo kila daktari wa wanyama anajua nyoka na reptilia wengine, yaani wanyama watambaao. Kliniki ya kwanza niliyopiga usiku ule waliniambia nimlete jumatatu, ilikuwa ijumaa. Nikapiga nyingine, nikauliza swali moja tu, "mna daktari anayetibu reptilia, na yuko kazini wikendi hii?" nikapata nafasi asubuhi saa tatu. Namba hiyo itafute leo nyoka akiwa mzima, iandike pembeni ya tenki.

Kwa Afrika Mashariki madaktari wa nyoka ni wachache mno. Mahali pa kuulizia ni kule ambako watu wanashika nyoka kila siku, kama Nairobi Snake Park pale makumbusho, Bio-Ken pale Watamu, au Meserani karibu na Arusha, waulize wao wakipata mgonjwa wanampigia nani.

Ukipiga sema hivi bila kuzunguka: aina, umri, jinsia, uzito, amekula lini na nini, amejivua lini, joto ulilokuta, dalili na umeiona saa ngapi. Mimi ilikuwa "chatu wa Afrika Magharibi, jike, miaka minne, gramu 1,650, kala siku 11 zilizopita, hita ilizimika nimekuta 23, vipovu puani, anainua kichwa". Yule dada wa mapokezi hakuniuliza swali la ziada.

HATUA YA 6: Safari

Chukua foronya safi, igeuze nje ndani ili nyuzi za mshono zisimnase, mtie humo, funga fundo juu. Foronya iingie kwenye boksi la plastiki lenye matundu. Chupa ya maji ya moto iviringishe taulo nene uiweke upande mmoja wa boksi nje ya foronya, lengo ni nyuzi 26 mpaka 30 humo ndani. Pasha gari kwanza ndo umtoe nyumbani, zile hatua ishirini za baridi kutoka mlangoni mpaka kwenye gari zina madhara. Usimpakate.

Beba video, picha ya tenki zima, na kinyesi kama kipo kwenye mfuko uliofungwa.

HATUA YA 7: Kwa daktari

Atampima uzito, atamfungua mdomo, atasikiliza, pengine eksirei. Kwa ugonjwa wa mapafu kipimo cha maana ni kuingiza maji ya chumvi kidogo kwenye pafu na kuyavuta, yanapelekwa maabara kujua ni bakteria gani na anauawa na dawa ipi. Ni gharama, najua, ila bila hicho mnabahatisha. Uliza pia kipimo cha nidovirusi, hawa virusi waligundulika kwenye chatu hawa mwaka 2014 na wanasumbua mapafu kiasi kwamba antibayotiki peke yake haimponyi. Kama dalili ni za kichwa kupinda na kujisokota, muulize kuhusu arenavirusi, wanaleta ugonjwa usio na tiba na unahamia kwa nyoka wengine.

Zuhura alipewa antibayotiki inaitwa seftazidimu, sindano moja kila baada ya masaa 72. Inakuja imeshavutwa kwenye bomba, unaiweka friza, unayeyusha moja moja mkononi. Unachoma nusu ya mbele ya mwili, kwenye msuli pembeni ya uti wa mgongo, kwa sababu damu ya nyuma inaweza kupita kwenye figo kwanza kabla haijazunguka. Daktari alinionyesha mara moja kisha akanifanya nichome mwenyewe mbele yake. Mwombe na wewe akufanyie hivyo.

Ilikuwa sindano 9. Mke wangu anashika mwili amefunika kichwa na taulo, mimi natafuta nafasi kati ya magamba, sindano inaingia kati ya gamba na gamba siyo katikati ya gamba, na unasikia mwili mzima unakaza mkononi alafu unaachia. Vipovu viliisha baada ya ya tatu. Usiache hapo! Wengi wanaacha hapo, wanarudi baada ya mwezi na bakteria sugu.

Mama mkwe wangu yuko Tanga, siku ya kwanza kwenye video nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaona bomba la sindano, akasema "mwanangu, nyoka hatibiwi, nyoka anapigwa." Sikubishana naye. Wiki ya tatu alipiga mwenyewe, baada ya salamu akauliza, "na yule mgonjwa, anapumua?"

HATUA YA 8: Kumuuguza nyumbani

Toa udongo na vipande vya mbao, tandika tishu za jikoni, nyeupe, ili kila tone la makamasi na kila kinyesi ukione. Joto liwe juu kidogo ya kawaida, 32 au 33 upande wa moto, unyevu usizidi. Unyevu mwingi na baridi kwa pamoja ndo mbaya kuliko vyote. Sehemu mbili za kujificha, moja kila upande. Usimtoe kumshikashika, sindano inatosha. Mpime mara moja kwa wiki na uandike, akishuka zaidi ya asilimia 10 mrudishe kwa daktari.

Kama una nyoka wengine, mgonjwa akae chumba kingine, mhudumie wa mwisho, vifaa vyake visichanganywe, na karantini iwe miezi mitatu baada ya kupona. Kagua utitiri: vidoti vyeusi vinavyotembea, vinajazana pembezoni mwa macho na chini ya kidevu, utavikuta vimezama kwenye bakuli la maji, na nyoka mwenye utitiri analala kwenye maji siku nzima. Dawa yake itoke kwa daktari, na kila kitu cha kutandika kitupwe.

Osha mikono kwa sabuni kila ukimgusa au ukigusa vitu vyake, reptilia wanabeba salmonela, bakteria wa kuharisha, hata wakiwa wazima. Bakuli lake lisioshwe kwenye sinki la vyombo. Watoto chini ya miaka 5 wasisogee kabisa kipindi hiki.

Na akifa, maana wengine wanakufa hata ukifanya yote. Kwanza hakikisha, nyoka mwenye baridi anaweza kuonekana maiti moyo unapiga, daktari ana kifaa cha kuusikiliza. Akiwa kweli amekufa mtie kwenye mfuko, mweke kwenye ubaridi wa friji siyo friza, kugandisha kunaharibu viungo, apasuliwe kujua kilichomuua. Kama una nyoka wa pili, huyo anakudai majibu hayo.

Kulisha: nilisubiri wiki mbili baada ya sindano ya mwisho, pumzi safi, mdomo wa pinki usio na utelezi. Panya mdogo wa gramu 30, nimemyeyusha na kumpasha mpaka 38 hivi ili anukie kama aliye hai, taa nimezima. Alikaa dakika kumi anatoa ulimi tu. Alafu nikasikia ule mgongano mdogo kwenye kioo, nikabaki nimeinama gizani namsubiri amalize kumeza. Masaa 48 yaliyofuata hakuna aliyefungua lile tenki, na kipimajoto kipya, kile chenye kengele, kilisomeka 32 muda wote.